Mzee kaandikiwa ultrasaundi ya miguu mara ya pili. Ni kweli au tunapigwa?

Kitinda_Mimba:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mzee wangu ana miaka 66, sukari mwaka wa 14 huu, sigara kaacha juzijuzi. Akienda msikitini, kama mita 200 hivi, kigimbi cha kulia kinakaza mpaka anasimama. Dakika mbili tatu kinaachia, anaendelea. Mwezi wa tatu alipiga ultrasaundi ya miguu, majibu yakasema hakuna damu iliyoganda. Tukashukuru Mungu. Jana daktari mwingine kaandika tena "Doppler ya miguu", yaani ultrasaundi ya kuangalia damu inavyotembea, eti anatafuta mafuta kwenye mishipa. Mzee kagoma, anasema hospitali zimekuwa duka. Nimwambieje?

Ngosha wa Ziwani:
Ngoja wataalamu waje. Mimi nimekaa pale na kahawa.

Bi_Probu:
Nafanya kazi chumba cha ultrasaundi. Hebu soma kichwa cha yale majibu ya kwanza, nahisi yalikuwa ya vena. Vena zinarudisha damu moyoni, huko ndiko tunakotafuta damu iliyoganda. Ateri ndizo zinazoshusha damu mguuni, na ule ukoko wa mafuta hujengeka humo. Jina la kipimo moja, mishipa mingine kabisa.

Ateri tunazifuata kuanzia kinenani, paja lote, nyuma ya goti mpaka kifundoni. Ukoko laini huonekana mweusimweusi, usipowasha rangi inayoonyesha mtiririko wa damu kwenye skrini unaweza kukupita. Wenye chokaa unang'aa na kutupa kivuli, na wagonjwa wa sukari wanao sana huo. Kinachofichwa na kivuli hukioni. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi, tunapima na kasi ya damu. Si umewahi kubana mdomo wa mpira wa maji? Yanaruka. Kasi penye mbano ikiwa mara mbili au zaidi ya pale kabla yake, tunahesabu mshipa umeziba nusu au zaidi.

Babu Kobe:
Muulizeni daktari kama amepima presha ya kifundoni akaigawa kwa ya mkononi. Chini ya 0.9 ujue mishipa imebanwa. Yangu ilitoka 0.7.

Bi_Probu:
Sawa kabisa babu, ila kwa sukari ya miaka 14 muwe macho. Ateri zikikakamaa namba inapanda hata juu ya 1.4, na mguu hauna nafuu yoyote. Hapo presha hupimwa kwenye kidole gumba cha mguu.

Kitinda_Mimba:
Kinauma? Na mionzi je?

Bi_Probu:
Mionzi hakuna, ni mawimbi ya sauti. Jeli tu ndiyo ya baridi.

Babu Kobe:
Mimi sikupasuliwa. Nilipewa aspirini na dawa ya kolesteroli, nikaambiwa nitembee hadi iume, nipumzike, nitembee tena. Sasa sokoni nafika. Lakini akipata kidonda, kidole kikibadilika rangi, au mguu ukianza kumuuma usiku amelala, msingoje tarehe ya kliniki.

Kitinda_Mimba:
Karatasi nimeipata. Vena, miguu yote miwili, ateri hazikuguswa hata moja. Nimempa mzee akasoma mwenyewe na miwani yake. Kanyamaza weee, halafu kauliza kama hiyo jeli inatoka kwenye kanzu. Tunaenda Jumatatu.