Naomba ushauri: nawafundishaje wanabiolojia kuchambua data kwa programu huria?

Mwalimu wa Moro (mtoa mada):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa jukumu la kuwafundisha wanafunzi wa uzamili wa biolojia, pamoja na mafundi wachache wa maabara, namna ya kuchambua data kwa programu huria. Wengi wao wanashughulika na mbu: wanatega mitego ya taa vijijini, wanahesabu mbu wa jenasi za Anopheles na Culex asubuhi, kisha wanarundika kila kitu kwenye Excel. Hadi sasa wamekuwa wakitumia SPSS, programu ya takwimu, na kwa kuwa leseni yake ni ghali, nakala zilizochakachuliwa zinapita mkono kwa mkono pamoja na virusi vyake. Nimepewa wiki moja, ukumbi wenye umeme lakini intaneti ya kusuasua, na watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Je, kati ya lugha za programu R na Python, nichague ipi? Na je, nianze na misingi ya lugha, yaani vekta (orodha za thamani za aina moja), aina za data na vitanzi (amri za kurudia kazi), au niwaingize kwenye data moja kwa moja?

Bi Takwimu:
Kwa watu hao, R. Iliasisiwa na wanatakwimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, katika Chuo Kikuu cha Auckland, na hadi leo kazi ambazo mwanabiolojia anazihitaji mara kwa mara ndizo ilizozizoea zaidi. Idadi ya mbu katika mtego haifuati mgawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele), kwani mitego mingi hupata wachache na michache hupata mamia. Modeli zinazofaa data ya namna hiyo zimo ndani ya R tayari au katika vifurushi vyake, yaani nyongeza zinazosakinishwa juu yake. Wakija kugusa jeni, kuna Bioconductor, mradi wa vifurushi vya R vya kuchambua data ya jeni, ulioanza mwaka 2001. Python ni lugha nzuri, na ningeichagua bila kusita kama wangekuwa wanachambua picha, lakini usifundishe zote mbili kwa wiki moja.

Mzee wa Maabara:
Nakubaliana kuhusu R, ila natofautiana na wote wanaotaka kuanza na vitanzi. Mwanabiolojia hakuja kuwa mhandisi wa programu. Siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne, awe amechora grafu ya mbu kwa kila kijiji kutokana na data aliyoikusanya mwenyewe. Baada ya hapo mwambie aandike `table(mbu$kijiji)`, amri inayohesabu kila jina la kijiji limejitokeza mara ngapi, na anyamaze aangalie. Ataona kijiji kimoja kimejitokeza mara tatu: mara kwa herufi kubwa, mara kwa herufi ndogo, na mara ya tatu kikiwa na nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Hapo ndipo atakapouliza mwenyewe namna ya kusafisha safu hiyo, na somo la maandishi na vekta litakuwa limepata sababu ya kuwapo.

Jambo la pili ni sifuri. Mtego uliokosa mbu na mtego ambao betri yake ilikufa usiku si kitu kimoja, lakini kwenye majedwali mengi niliyoyaona vyote vimeandikwa 0. Wape usiku watatu: mbu 12, mbu 8, na usiku wa betri kufa. Ukiandika sifuri, wastani ni 6.7; ukiandika NA, alama ya R ya thamani inayokosekana, R itakataa kukupa wastani hadi uiambie wazi kwamba thamani inayokosekana iachwe, na hapo utapata 10. Wanafunzi hudhani programu imeharibika, kumbe inawauliza swali ambalo walipaswa kujiuliza wakiwa kijijini.

Mwana wa Ziwa:
Kuhusu intaneti, usithubutu kuwaacha wapakue vifurushi ukumbini kwa bando zao. Weka kwenye flashi R, RStudio (programu ya kuandikia na kuendeshea R) na vifurushi vyote pamoja na vile vinavyovitegemea, kisha uvijaribu kwanza kwenye kompyuta ambayo haijaunganishwa na mtandao. Masomo ya Data Carpentry, mradi unaowafundisha watafiti kushughulikia data, yana leseni huria, hivyo unaweza kuyarekebisha. Somo lao la ikolojia linatumia data ya panya wa jangwa la Arizona, nawe ukaweka mbu mahali pa panya. Iga pia desturi yao ya kumpa kila mshiriki karatasi za kunata za rangi mbili: moja akiibandika kwenye kompyuta inamaanisha amemaliza, nyingine amekwama. Watu wetu huona haya kunyoosha mkono mbele ya msimamizi wao.

Mwalimu wa Moro:
Nawashukuru sana. Mmegusa penyewe, maana kikwazo changu kingine ni hao wasimamizi: baadhi yao wanadai majedwali ya SPSS kwa sababu ndiyo wanayojua kuyasoma, na mwanafunzi akirudi na R anaambiwa arudie.

Bi Takwimu:
Usibishane nao kuhusu programu. Wafundishe wanafunzi R Markdown, ambamo maelezo, amri na matokeo hukaa katika faili moja, kisha faili hiyo ikatoa waraka wa Word. Msimamizi atapata jedwali analolitaka, na akisema ondoa kijiji fulani, mwanafunzi atabadili mstari mmoja na kutoa waraka mzima upya badala ya kubofya menyu upya kwa kila jedwali.

Na faili ghafi isiguswe kamwe. Marekebisho yote yaandikwe kwenye skripti, yaani faili ya amri za R. Excel ina tabia ya kugeuza vitu kuwa tarehe bila kuuliza. Iligeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 mara nyingi kiasi kwamba kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kuyabadili yakawa SEPTIN1 na MARCHF1.

Mzee wa Maabara:
Hapo umenena. Mwalimu, waalike wasimamizi hao kwenye kipindi cha mwisho, wanafunzi wawaoneshe grafu za data ya vijiji vyao. Na kabla hamjatawanyika, panga siku moja kila wiki ambayo wenye kukwama watakutana maabara na skripti zao, kwa sababu asiyeigusa R kwa mwezi mzima baada ya mafunzo hurudi kwenye Excel.