Mrejesho: mshipi wangu wa kuvulia haukatiki tena Kilifi

Ndugu zangu, nimeshuka treni Syokimau, karibu na Nairobi, leo alfajiri na nisingependa kulala na deni. Niliwauliza kwa nini mshipi wangu hukatwa kila nikivua pale mkono wa bahari wa Kilifi, na kama mwisho wa kaskazi, ule msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, kuna samaki kweli. Mkaniambia nifunge waya juu ya ndoana, nivizie bamvua, yaani siku za maji makuu, maji yakianza kujaa.

Waya umeniokoa. Mzia wa kwanza, samaki mwenye meno makali, aliacha mikwaruzo mipya kabisa juu yake. Nailoni tupu ingekatika palepale.

Ila bamvua ina mkondo! Mwezi mpevu, chubwi yangu ndogo, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ikaburutwa kama kijiti hadi mzee wa ngalawa akaniazima nzito. Ikatulia chini. Muda si muda, kolekole wawili. Yale magamba magumu ya karibu na mkia yalinichana kidole, lakini furaha yangu haisemeki.

Aliyenishauri chambo cha ngisi badala ya kamba, asante sana. Kamba walikuwa wanadonolewa na vidagaa kabla hawajafika chini. Sasa kusi, upepo wa kusini, inakaribia na bahari itachafuka, kwa hiyo narudi Novemba.