Ruzuku za vyuo vikuu za kufundisha jamii kuishi na tofauti zake: Lamu tuzipokee au tuzirudishe?

Mleta mada, Amu (mji wa Lamu)

Waungwana, salamu. Jambo hili limenikaa kooni tangu wiki jana, naliweka barazani.

Chuo kikuu kimoja, jina nalihifadhi, kinatafuta fedha za kuanzisha mafunzo ya jamii hapa kwetu. Watu wa makabila, dini na lugha mbalimbali wakutane, wafundishwe habari za wenzao, mwisho wapewe cheti. Sehemu ya fedha itoke kwa wafadhili wa nje, sehemu kwenye mfuko wa chuo chenyewe. Tuliitwa watu kama thelathini kutoa maoni, tukatoka tumegawanyika. Kuna waliosema karibuni, na kuna waliosema pesa hizo zikachimbe visima.

Mimi nazitaka. Nasema mapema nisije nikaambiwa nimejificha nyuma ya swali. Ila sizitaki zikija kwa mtindo ule ule.

Mwezeshaji wetu, kijana mtanashati wa kutoka Nairobi, alitugawia vikaratasi vya njano vya kubandika. Kila mtu aandike kabila lake, akabandike ukutani. Mzee mmoja wa Mkomani akauliza aandike lipi: Mwamu, Mswahili, Mwarabu kwa babu yake, au lile walilomwandikia ofisini alipokwenda kuchukua kitambulisho? Mvuvi wa Kizingitini akaandika MVUVI kwa herufi kubwa, akabandika, akarudi kuketi. Dada mmoja mzaliwa wa Mpeketoni, mama Mkamba, baba Mkikuyu, mume Mbajuni, alikigeuzageuza kikaratasi chake kisha akakitia mkobani. Mwezeshaji akahesabu, akaona vimepungua, akafungua ukurasa wa pili wa somo. Mimi ningebaki pale pale kwenye mkoba wa yule dada mpaka adhuhuri.

Na tusifundishwe kana kwamba tofauti tumeletewa na meli ya jana. Mji huu tangu zamani una pande mbili, makundi ya Zena na Suudi, mitaa ya Langoni na Mkomani, na ushindani wake. Habib Swaleh, mwanachuoni wa Kiislamu, alikuja kutoka Ngazija katika karne ya 19, akafundisha watoto wa waliokuwa watumwa wakati elimu ilikuwa mali ya wenye nasaba. Msikiti wa Riyadha ukasimama karibu na mwaka 1900, na mpaka leo Maulidi yake huujaza mji. Wazee walikuwa na ruzuku yao wakiiita wakfu: mtu anatoa nyumba au shamba la minazi, mapato yake yanaendesha msikiti au chuo. Chuo kile cha kwanza, cha Kurani, cha mbao na wino, kabla ya hiki kikuu.

Semeni.

Mkulima, Hindi

Kaka, umeandika vizuri, lakini umeandika ukiwa kisiwani; sisi wa Hindi tuko bara.

Wazazi wangu waliletwa kwenye mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, miaka ya sabini. Mimi nimezaliwa huku, nimezaa huku, na bado naulizwa kwetu ni wapi. Juni 2014 nilikuwa Mpeketoni. Watu zaidi ya 60 waliuawa kwenye mashambulizi ya siku zile. Al-Shabaab wakasema ni wao, Rais wa wakati ule akasema ni siasa za hapa hapa. Sisi tuliozika tukabaki na majibu mawili.

Sasa mtu aje anifundishe mila za Mbajuni? Samaki nanunua kwake kila Jumanne, akiwa na msiba naenda, nikiwa na msiba anakuja. Tunakosania ardhi. Yeye anaona babu yake alilima pale na hana karatasi, mimi nina karatasi na naonekana mwizi. Halafu ikaja bandari ya Lamu, ujenzi wake ukazinduliwa Machi 2012, na bei ya ardhi ikapanda mpaka watu wa mbali wakaitamani. Kama mafunzo hayo hayatataja hatimiliki, ni chai na mandazi tu. Na mwezeshaji akisikia neno ardhi atasema "hilo tuliache, ni siasa". Nimelisikia hilo mara tatu, kumbi tatu.

Kijana, Gadeni

Posho ni ngapi? Natania, lakini si sana.

Hoja yangu ni nyingine. Januari 20, 2025, siku ile ile ya kuapishwa, Trump alitia saini amri ya kufuta programu za utofauti na usawa katika serikali ya Marekani. Baadaye ruzuku za utafiti za vyuo vyao zikakatizwa katikati, na mwaka huo huo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa. Kitu wanachokifuta kwao ndicho tuletewe sisi? Na wakikata katikati, cheti changu cha nusu nitampelekea nani?

Mleta mada

Kijana, kwamba wao wamekata hakufanyi jambo lenyewe liwe baya. Kunatuonya tusitegemee mfuko mmoja. Ya dada wa Hindi naitafakari, sina jibu la haraka.

Mhadhiri wa chuo cha umma, mzaliwa wa Faza

Ya vikaratasi nimecheka, kisha nikaona haya, maana hata mimi nimewahi kuvigawa.

Lakini niwaeleze fedha hizi zinavyotembea. Ruzuku haiji mkononi mwa mhadhiri. Inaingia akaunti ya chuo, chuo kinakata asilimia yake ya ofisi, umeme na uhasibu, kinachobaki kinatolewa kwa awamu. Awamu ya pili haifunguliwi mpaka risiti za ya kwanza zitimie. Mzee aliyekuja kusimulia habari za mtaa wake hana risiti. Nahodha wa boti hana eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi wa KRA. Mwenye hoteli anavyo vyote, na ukumbi, na projekta. Ndiyo maana mnaitwa hotelini. Mtafiti hapendi hoteli kuliko baraza, bali mhasibu wake ndiye anayelala usingizi.

Na anayesema tusubiri pesa za serikali atasubiri sana. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliweka kwamba Mfuko wa Taifa wa Utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Haujawahi kufika hapo. Vyuo vya umma vina madeni ya mabilioni, mishahara inachelewa, na kazi za jamii ndizo za kwanza kupigwa kalamu. Bila ruzuku hatuji kabisa. Hilo ndilo chaguo lenyewe, msilipambe.

Kuhusu ardhi, dada, ni kweli tunaikwepa. Tunaogopa kibali. Tukiandika "ardhi" kwenye maombi ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, tunajua maswali yatakayofuata kaunti, na mara nyingi tunajikata ulimi wenyewe kabla hatujaulizwa.

Mzee, Langoni

Mwanangu mleta mada, usiwape watu asali bila nyuki. Habib Swaleh hakupokewa kwa marashi. Darasa lake liliwaudhi wakubwa, na matari yake msikitini yakaleta maneno mengi. Ule ulikuwa ni ugomvi kwanza, mapenzi yakaja nyuma. Mui huu haukukubali kwa siku tatu za semina. Nimeyaona mambo ya namna hii kwa mato yangu, watu wakipatanishwa mbele ya kamera na kurudi nyumbani kila mtu na lake.

Mimi sisemi fedha zirudi. Nasema anayekuja akae. Akae mpaka tumchoke.

Mwalimu, wadi ya Basuba

Mnabishana kana kwamba Lamu ni Amu na Mpeketoni basi.

Huku msituni kuna Waaweer, wengine wanawaita Waboni, ingawa jina hilo wengi wao hawalipendi. Vijiji ni Milimani, Basuba, Mangai, Mararani, Kiangwe. Tangu hali ya usalama ilipoharibika shule zetu zimefungwa na kufunguliwa, walimu wamekuja na kuondoka. Mtoto Mwaweer akianza shule, darasani kwetu hakuna kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya mamake. Katiba, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Basi chuo kije na ruzuku yake kimlipe bibi mmoja anayejua majina ya asali na miti ya msituni, na kijana wa kuyaandika. Kitoke kitabu cha kurasa ishirini. Watoto wa Amu na wa Hindi wakisome hicho hicho kwa Kiswahili upande wa pili wa ukurasa. Mimi sihitaji cheti.

Kijana, Gadeni

Hiyo hata mimi naiunga mkono. Bila posho.

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili. Nilikuja nikidhani ubishi ni kupokea au kurudisha, kumbe wengi wetu tunabishania nani ashike mfuko na nini kisiruhusiwe kunyamaziwa. Nimebadili msimamo mahali pamoja: nilitaka tuanze na historia, kwa sababu ndiyo ninayoipenda. Dada wa Hindi amenionyesha kwamba historia bila ardhi ni njia ya kistaarabu ya kukwepa. Mzee naye amenikosoa kwa haki, nilikuwa nimeipiga sukari.

Chuo kimeomba maoni kwa maandishi kufikia Ijumaa. Nitaandika haya. Bajeti ibandikwe Mkunguni, mbele ya ngome, kila mpita njia aone hoteli imekula ngapi na chuo kimekata ngapi. Msimulizi alipwe sawa na mwezeshaji, na mhasibu akubali hati iliyotiwa saini mbele ya mzee wa mtaa pale risiti isipopatikana (mhadhiri, hili wewe ndiye wa kulipigania huko ndani). Neno ardhi liwemo kwenye maombi tangu ukurasa wa kwanza. Kitabu cha Kiaweer kiwe kazi ya kwanza, kabla ya cheti chochote. Vikao vizunguke: Amu, Hindi, Witu, Faza, na Basuba njia ikiruhusu.

Kuna mwenye la kuongeza kabla sijatuma?

Mkulima, Hindi

Andika na hili. Kikao kikiwa Amu kiishe saa tisa. Boti ya kurudi bara, Mokowe, nitaipata hata saa kumi na moja, lakini gari la Hindi jioni linangoja mpaka lijae, na barabara ile giza likishaingia hakuna dereva anayetaka kuitembea. Mara ya mwisho walitushika mpaka saa kumi na mbili kwa ajili ya picha ya pamoja, nikalala kwa watu.