Luchelele, Buhongwa au Usagara: nipange wapi Mwanza?

mgeni_wa_Bugando:
Habari za humu wadau. Nahamishiwa Mwanza, kazi yangu hospitali ya Bugando, nakuja na wife na watoto wawili wadogo. Natafuta vyumba viwili na sebule, choo na jiko ndani, luku ya peke yangu, kodi isizidi laki mbili. Dalali kanirushia picha za nyumba tatu, moja Luchelele unaliona ziwa lote ukiwa barazani, nyingine Buhongwa, nyingine Usagara. Wife keshaipenda ya Luchelele. Wenyeji mnasemaje?

mama_dagaa:
Karibu sana kaka. Luchelele ni pazuri sikatai, jioni kuna upepo na sato unanunua hajakauka maji. Ila muulize dalali nyumba iko umbali gani na maji. Sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na watu wamejenga humohumo, siku wakiambiwa wabomoe wewe mpangaji ndo unahangaika na vitanda barabarani. Halafu ziwa linapanda jamani, 2020 lilipanda, 2024 likapanda tena, kuna wenzetu maji yaliwakuta mlangoni. Angalia ukuta chini kama una mstari wa unyevu, na kama wamepaka rangi upya nusu ya chini tu uliza kwa nini.

mgeni_wa_Bugando:
Duh hilo la mita 60 sikulijua. Asante dada.

kijana_wa_Malimbe:
Na watoto usiwaache wachezee maji ya pembeni penye majani, kichocho kipo kweli huku, wewe wa hospitali unakijua kuliko sisi. Kingine usafiri. Daladala unashukia Nyegezi kona, kutoka pale ni boda, sasa ukitoka shifti ya usiku au ukiwa unawahi ya asubuhi mvua inanyesha utaijua hiyo njia. Na ukija kipindi wanafunzi wa SAUT wanafungua chuo nyumba zinagombaniwa, wenye nyumba wanapandisha tu.

Buhongwa_damu:
Mkuu njoo Buhongwa. Lami ipo, soko lipo, daladala hadi usiku, shida yetu ni foleni ya Mkuyuni asubuhi maana wote tunaingia mjini kwa barabara moja ya Kenyatta. Maji tumepata nafuu tangu chanzo cha Butimba kianze, kile cha lita milioni 48 kwa siku, lakini nyumba za juu kwenye mawe presha haifiki vizuri, yanapanda usiku watu wamelala. Kwa hiyo usikubali nyumba ya mlimani isiyo na tenki, utalipa wabeba madumu mpaka uchoke. Usiulize "maji yapo?" kila mtu atakwambia yapo, fungua bomba mwenyewe mchana.

mpangaji_Usagara:
Mimi niko Usagara na napapenda, kwa laki mbili huku unapata nyumba nzima na uwanja wa kufuga kuku. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za majini tunavuka bila kungoja kivuko, pamechangamka mno, fremu zinaota kila kona na kodi zimeanza kufuata. Ila hii ni Misungwi sio jijini, kwa mtu wa Bugando mwenye shifti sikushauri, labda kama una usafiri wako.

mama_dagaa:
Anasema kweli. Kaka mlete na wife aone mwenyewe, picha hazina mbu wala wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa.

mgeni_wa_Bugando:
Usagara nimeiondoa. Jumamosi nakuja na wife tuone Luchelele na Buhongwa. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, ndo kawaida?

Buhongwa_damu:
Ya dalali ndo kawaida. Miezi sita wanataka wengi ila ongea naye mwenyewe mwenye nyumba, wapo wanaokubali mitatu ukiwa na kazi ya kueleweka. Hela mpe yeye mkononi baada ya kusaini mkataba kwa mjumbe, usimtumie dalali kwa simu hata elfu kumi ya "kushikilia". Ukifika stendi ya Nyegezi sema humu, nitakuja tuzunguke wote.