Kutarajia, kutegemea, kutazamia, kutumaini: lipi liende wapi?

Mhariri Chipukizi
Wakuu, nahariri taarifa ya mradi. Aya moja inasema "mkandarasi anategemea kumaliza daraja Juni", nyingine "wananchi wanategemea mafuriko Aprili". Zote zinanikera. Niweke "tarajia" kila mahali?

Kalamu ya Mwalimu
Mkuu, ya mafuriko badilisha bila kusita. Kutegemea ni kuweka uzito wako juu ya kitu, kama mzee na mkongojo wake, kikiondoka, unaanguka. Ndiyo maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ukiandika wanategemea mafuriko, umesema yanawalisha. (Mkulima wa mpunga bonde la Rufiji anaweza kuyategemea kweli, na hapo neno ni sahihi kabisa.)

"Anategemea kumaliza" limeshazoeleka Tanzania hata redioni, msomaji ataelewa. Ila kwenye hati ya mkataba andika "anatarajia", kwa sababu "anategemea" linaacha swali: anategemea nini, malipo au saruji?

Jirani wa Bahari
Lakini usimwage "tarajia" kila mahali. Neno hilo ni la Kiarabu, na mzizi wake huko una tumaini ndani. Kwetu limepoa, linabeba faida na hasara sawasawa. Tumaini bado linadai jema: "natumaini atapona" ni dua, "natumaini atafilisika" ni laana. Baya unalotaka likupite lina kitenzi chake kizuri kinachosahaulika, kuchelea: "wananchi wanachelea mafuriko". Mimi ningeweka hilo.

Kutazamia kunataka dalili, jicho liko njiani: wingu limetanda, watu wanatazamia mvua. Ndiyo maana mtumishi mpya huwa kwenye kipindi cha matazamio: anaangaliwa kabla ya kuthibitishwa.

Mhariri Chipukizi
Ahsanteni sana. Na "mbunge mtarajiwa"?

Kalamu ya Mwalimu
Ni sahihi kabla ya kura tu. Akishashinda na hajaapa, ni mbunge mteule; ukimwita mtarajiwa unamnyang'anya ushindi.

Angalia na ukanushi, hapo ndipo wengi huteleza. Tarajia inaishia na -a, kwa hiyo inageuka: sitarajii, i mbili, na watu hula moja. Tumaini na subiri hazigeuki: situmaini, sisubiri. Na "sitarajii" si "sitatarajia". La kwanza ni hali ya sasa, la pili ni ya wakati ujao. Kwenye taarifa yako karibu kila mara utahitaji la kwanza.