Wanaokumbuka matangazo ya TV ya kina King Majuto, kuna mwenye rekodi?

Mtoto wa Kihesa:
Kamwene wadau. Mnakumbuka enzi za TV ya chogo, tangazo likianza hata mwenye haja ndogo anajibana kwa sababu humo yumo King Majuto au Mzee Small, wale wachekeshaji wetu? Mtaani kwetu hapa Iringa nyumba yenye TV ilikuwa moja, tunavua ndala mlangoni tunajipanga sakafuni, baridi ya Juni hiyo, mama mwenye nyumba kaweka jiko la mkaa katikati, na mimi kwa vile ndo mdogo kabisa kazi yangu ilikuwa kuzungusha mlingoti wa antena nje, nasikia tu "bado, bado, hapohapo, umepitiliza, rudisha!" Wakicheka najua Majuto katokea, naachia mlingoti nakimbilia dirishani, picha inajaa chenga, nagombezwa. Yani yale matangazo nimeyasikia kuliko nilivyoyaona. Mzee Small katutoka 2014, Majuto Agosti 2018, wanangu hawawajui kabisa. Nimehangaika YouTube naangukia filamu tu. Kuna mtu alirekodi?

Dada wa Makambako:
Umenikumbusha mbali kaka. Bibi yangu alikuwa hajui kusoma, anaenda dukani anasema nipe ile ya yule mzee wa kwenye TV, na muuza duka anampa hiyohiyo bila kuuliza mara mbili. Mpaka leo pale nyumbani tunaiita hivyohivyo, jina lake la kwenye pakiti hatulitumii.

Mwana Mwanjelwa:
Mie ni wa kizazi cha kina Joti, Mpoki na Masanja (huyu anayelima mpunga kule Mbarali), kuanzia Ze Comedy ya EATV mpaka walipohamia TBC1 wakawa Orijino Komedi. Kwa kweli tangazo lao lilikuwa kama kipande kingine cha komedi, kesho yake shule nzima inaongea kama wao. Ila Mbeya walivyozima matangazo ya TV ya analojia (yale ya antena ya kawaida) 2013 nyumbani hatukuwa na king'amuzi, tukakaa gizani miezi kadhaa, tuliporudi mengi yalishaondoka na hatukuyaona tena.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu:
Ugonile vijana. Kutumia nyota wa kipindi kwenye matangazo ni jambo la zamani sana. Marekani miaka ya 1950 mdhamini ndiye alikuwa analipia kipindi, ndo maana Lucille Ball wa I Love Lucy na mumewe walikuwa wanatangaza sigara za Philip Morris, na hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fred na Barney wa The Flintstones, ambao ni katuni, walichorwa wakivuta sigara za Winston. Matangazo ya sigara kwenye TV na redio kule yalipigwa marufuku kuanzia Januari 1971. Lakini yale ya zamani leo unayaona, maana mengi yalipigwa kwenye filamu na filamu zikatunzwa. Sisi majumbani tulikuwa na kanda, na kanda ilikuwa ghali, unarekodi mechi juu ya tangazo, harusi juu ya mechi. Hilo linaniuma kweli, nami nilifuta nyingi kwa mkono wangu.

Fundi Uyole:
Mkuu, mimi nina boksi zima la VHS za marehemu kaka, alikuwa anarekodi taarifa ya habari kila siku na matangazo yamo humohumo, hakuwa anakata. Shida zimekaa stoo na unyevu wa huku, zingine zina kuvu nyeupe ukichungulia kwenye kioo cha kanda. Hizo usiziweke kwenye deki kabla ya kusafishwa, zitachafua hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma kanda) na kuvu itahamia kwenye kanda nzima zilizobaki. Safi zipo kama kumi. Deki yangu ndo imekufa mkanda wa mota.

Mtoto wa Kihesa:
Kaka usimpe mtu mwingine tafadhali! Deki ninayo nzima, na kile kifaa cha kuunganisha zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kwenye kompyuta nacho nimeshanunua. Jumamosi napanda basi la asubuhi, nikishuka Uyole nakupigia. Dada wa Makambako, tukimkuta yule mzee wa bibi yako nakutumia wa kwanza.