Sabuni ya kwanza kupika nyumbani: tupeane uzoefu

Mkunazini: Leo nimepishana na mtoto katumwa dukani kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni inayounguza, kaikumbatia kifuani kama sukari. Roho imenipasuka. Waliowahi kupika sabuni nyumbani, ya kwanza ilikuwaje?

Bint Paje: Huku na Jambiani mwani tunalima tangu 1989, na bei ya mkavu haituridhishi, basi tukasema tuutie kwenye sabuni. Kazi iko kwenye kusaga. Chembe zikibaki kubwa zinakwaruza ngozi. Ukauke barabara, usagwe, uchekechwe kwa kitambaa.

Wa Konde: Mie sabuni yangu ya kwanza ilikuwa mtihani. Mwalimu aliyekuja kutufunza alisema sufuria lolote linafaa. Tukatoa lile kubwa la shughuli, la alumini. Shangazi kumimina tu maji ya kostiki, likaanza kutokota bila ya moto! Povu la kijivu likapanda, mvuke unakaba koo, sufuria linageuka jeusi huku tunaliona. Tone likamrukia juu ya kiganja. Ule ukelele wake, jamani. Huyu anaita siki, huyu ndimu. Mama hakumsikiliza mtu, alimburura mpaka mferejini akafungulia maji, akamshikilia pale pale ingawa analia aachwe. Kovu analo, mkono mzima alhamdulillahi.

Mama Jang'ombe: Pole yake. Alumini kabisa isiguswe.

Wa Wete: Lakini siki ndiyo dawa yake. Inaivunja kostiki.

Nesi Chake: Hapana, kaka yangu. Siki na kostiki zikikutana juu ya ngozi zinazidisha joto. Vua nguo iliyolowa, maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Ikiingia jichoni anza hapo hapo.

Wa Wete: Wazee wetu wametumia siki miaka yote.

Wa Konde: Wazee wetu walikuwa na kostiki ya dukani? Mkono ni wa shangazi yangu, bwana, nilikuwepo.

Mkunazini: Msigombane. Chombo gani basi?

Bint Paje: Stili isiyoshika kutu, au ndoo ya plastiki ngumu. Na kostiki ndiyo itiwe kwenye maji. Ukimwagia maji juu yake inaruka.

Wa Mkoani: Sisi tulitia mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, uji wa sabuni ukagandia kwenye mwiko kabla ya kufika kwenye kasha. Rangi ikawa ya udongo. Lakini harufu, mashaallah!

Wa Wete: Yatie mwisho, kidogo, umimine upesi.

Bint Paje: Au tieni mwani.

Wa Wete: Waunguja mshaanza.

Makunduchi: Nina kilo moja ya mafuta ya nazi. Kostiki kiasi gani?

Wa Wete: Kikombe kimoja kinatosha.

Nesi Chake: Kikombe tena! Pima kwa mzani, na vaa glavu na miwani.

Bint Paje: Nazi tupu, kostiki gramu 170, maji gramu 340. Ukishakata, iache penye hewa wiki 4 hadi 6.

Makunduchi: Wiki 6! Na mawese, kipimo hicho hicho?

Bint Paje: La, kila mafuta na chake. Kilo ya mawese gramu 135 hivi. Ukiyatilia 170 itakuunguza.